Kabla Sydney Hajakupigia Simu

Nyalenda,
Kisumu.
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa Shangazi Nanyama,

Kwanza nauliza mgongo wako. Umetulia, au bado unalala kwa upande mmoja? Na joto la Maskati likoje? Sisi huku tu wazima. Mama amepona kifua. Babu Wabwire bado anakula vizuri, na kila jioni anauliza kama ndege yako imetua. Tumechoka kumweleza, siku hizi tunamwambia bado iko juu.

Barua hii anakuletea Rachael, anayerudi huko kesho baada ya likizo. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu Sydney hushika simu yangu kila jioni yake ikiwa kwenye chaji, na sitaki aone. Tafadhali isome kabla hajakupigia siku ya Jumatano.

Nianze na yaliyo mema, maana ni ya kweli. Mwanao Sydney amesimama. Tangu samaki wake wafe ndani ya vizimba ziwani mwaka jana, alikuwa mtu wa kulala tu akitazama ukuta. Nilikuwa nikimwachia chakula mlangoni na kukikuta vilevile. Sasa anaamka kabla yangu, ananyoa ndevu, anapiga shati pasi huku akiimba kwa ile sauti yake ya kanisani ambayo wewe peke yako huivumilia. Ofisi yetu imemchukua awe ajenti wa kuuza viwanja.

Jana tuliwakaribisha maajenti wapya. Bwana Gordon, mkubwa wetu, alitaka sherehe ifanyike palepale kwenye viwanja tunavyouza, karibu na maji, mbele kidogo ya Dunga. Mimi ndiye karani, kwa hiyo viti, turubai na soda vilikuwa juu yangu.

Bwana Gordon alihubiri juu ya kukua kupitia taabu. Kila ajenti mpya alisimama akaeleza lililompata. Zamu ya Sydney ilipofika alisema, "Samaki walikufa wote. Mimi nikabaki." Akakaa. Watu walipiga makofi mpaka nikalia. Kisha kila mmoja akaulizwa, mbele ya wote, mteja wake wa kwanza atakuwa nani. Ndivyo ofisi yetu inavyofanya, ajenti mpya huanza na mtu wa damu yake, na Jumatano humpigia simu ofisini wenzake wakisikiliza. Sydney hakusita hata kidogo. Alisema, "Mama yangu."

Shangazi, wakati anakutaja, viti vilikuwa vinazama. Polepole, miguu ya nyuma kwanza. Kijana mmoja wa mstari wa mbele alijikuta magoti yamekaribia kidevu. Akapaza sauti, "Bwana Gordon, hiki kiwanja kinanimeza hata sijakiuza!" Watu wakavunjika mbavu. Bwana Gordon alicheka kuliko wote. "Mnaona rutuba hiyo? Hapa hata viti vinaota mizizi!"

Baadaye aliniita kando, na hakuwa anacheka. "Wateja wakija, weka mbao chini ya zulia, viti vikae juu yake. Umenielewa, madam?" Nikasema nimeelewa.

Mahali pale napajua. Mei mwaka juzi nilitumwa huko na mpiga picha, maji yakanifika magotini. Tukarudi, tukaambiwa tungoje kiangazi. Baadaye malori yalimwaga udongo mwekundu juu ya mafunjo, ukashindiliwa. Hati za viwanja ni halali kabisa, nimezishika mwenyewe. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Hakuna la kumshtaki mtu. Karatasi ni safi, ardhi ndiyo ya ziwa.

Jana tukirudi nyumbani nilimwambia Sydney. Akanicheka. "Wewe Lorine! Uliogopa hata kuku wa nyumbani. Ziwa lilishaenda zake." Nikasema litarudi. Akasimama, akasema, "Usinirudishe kwenye ule ukuta."

Sasa sioni njia. Ukinunua, utakuwa umefua nguo za watu miaka yote hii ili ununue maji. Ukikataa, atakataliwa na mama yake akiwa ofisini, spika ya simu ikiwa wazi, wenzake wote wakisikia, na naogopa atalala tena asiamke. Mimi nikifungua mdomo ofisini, nitafukuzwa, na nyumba hii inakula kwa kazi yangu. Nimeomba mpaka nimeishiwa maneno.

Nimewaza jambo moja tu, na silitegemei sana. Unakumbuka maombi yako ya mezani? Ugali unapoa, Babu anasinzia, wewe bado unawapitia wagonjwa wa hospitali zote. Basi Sydney akikupigia, usikatae. Mwambie unataka kumbariki kwanza akiwa juu ya kiwanja chenyewe, kwa simu ya video, mkionana uso kwa uso. Aende peke yake. Achukue kiti kimoja cha plastiki, akiweke kwenye udongo mtupu, bila zulia, bila mbao. Akae. Halafu umwombee kama ulivyotuombea siku uliyoondoka. Usiruke jina la mtu yeyote.

Ukifika kwenye amina atakuwa ameshajua, na hakuna binadamu atakayekuwa amemwambia. Au labda atakivuta tu kiti, akipanguse, akwambie kimeota mizizi. Ikiwa hivyo, Shangazi, mimi sijui tena.

Mama anakusalimu sana. Babu anasema umletee ile nguo nyeupe ndefu ya Waarabu, nadhani anataka kanzu. Nisalimie Atieno, mwenzako wa chumba, mwambie nguo alizomtumia mamake zilifika.

Mungu aulinde mgongo wako, na siku hiyo akupe pumzi ndefu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Lorine