Mtani Wako Hakuitwa Msibani

Mpendwa Mama Kulwa,

Barua hii nimeianza Ukonga kwa Kulwa, nikaiendeleza Ubungo kwa Doto, na sasa niko nyumbani Chang'ombe. Ndivyo ninavyoishi tangu tukuzike. Nikifika kwa mtoto mmoja nakumbuka nyumbani, nikifika nyumbani natafuta sababu ya kutoka. Doto ameniambia, "Baba, unahamahama kama paka mwenye watoto." Umemsikia? Huyo ni wewe mtupu.

Juzi Jumatano nilivuka na pantoni kwenda Mjimwema, dukani kwa Bi Tatu. Hiyo ilikuwa safari ya tatu. Mara mbili za kwanza nilifika ng'ambo, nikanunua maji, nikageuka na pantoni lile lile.

Unakumbuka tulivyolijua duka lile? Kwaya ilikuwa imetupeleka ufukweni, jua likakushinda, ukasema unatafuta kivuli. Ukaingia kwenye kibanda cha mabati yaliyopakwa kila bati rangi yake. Mlangoni ilining'inia fulana. Maduka mengine huwaandikia watalii maneno ya kuwabembeleza, ile ya Bi Tatu ilisema, "Shida zipo. Karibu." Ndani kulikuwa na kiboko aliyechongwa kwa ndala zilizookotwa pwani, saa ya ukutani yenye vijiko badala ya mishale, na vinyago vilivyokataliwa mjini kwa dosari zao: simba mwenye makengeza, tembo wa sikio moja. Alivinunua kwa makusudi. "Wazima hupata kwao wenyewe," alituambia baadaye. "Mie nawatafutia hawa."

Wewe ukamwinua twiga wa shingo fupi. "Mama, huyu twiga au mbuzi?"

"Kabila gani wewe usiyemjua twiga?"

"Mnyamwezi, wa Tabora."

Bi Tatu akapiga makofi. "Ala! Mpagazi wangu! Tua mzigo wa watu, hapa si stesheni."

"Kumbe Mzaramo! Ndiyo maana duka li wazi na mwenyewe kasinzia. Mashamba mmeuza mkachezea ngoma, sasa mmebaki na mbuzi wa mbao!"

Mimi mtu wa Same, utani wenu na Wazaramo nilikuwa naujua kwa kusikia tu. Nilishanyoosha mkono nikuvute nikuombee radhi, nikakuta mmeshikana mabega mnacheka. Ukatoka na yule twiga kwapani bila kuaga, naye akakupigia kelele za mwizi mpaka wanakwaya wakainuka kwenye mikeka. Tuliporudi mara ya pili akakuvua mtandio kichwani, akamvisha tembo. Miaka yote ile sikuona mkiuziana kitu. Mlinyang'anyana tu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonizungusha mji huu.

Asubuhi ile ulipofariki, Kulwa alichukua simu yako awape watu taarifa. Alikuwa akinisomea majina. Akafika palipoandikwa "Mwizi wa Mjimwema," akaniuliza, "Baba, huyu nani? Naye tumwambie?"

Nilimjua. Nikasema, "Mruke."

Nilikuwa nimewatazama wazee wa kanisa, mchungaji, na walimu wenzako waliojaa uani. Nikamwona Bi Tatu akiingia getini huku anacheka, kama watani wafanyavyo msibani, anauliza mbona leo mpagazi ndiye anayebebwa. Nikaona aibu. Nikasema mke wangu atazikwa kwa heshima.

Ukazikwa kwa heshima. Wakasimama mmoja mmoja: alikuwa mpole, mnyenyekevu, hakupata kumjibu mtu vibaya. Wewe, Mama Kulwa! Uliyewahi kumrudisha fundi wa mabomba kutoka kituo cha daladala aje kulifuta tope lake! Wakakusifu mpaka nikaitazama picha yako nisiweze kukumbuka sauti yako ikinisema. Tangu siku hiyo katika nyumba hii anakaa huyo mama mpole waliyemzungumzia. Wewe sikuoni. Nikienda Ukonga sikuoni, nikienda Ubungo sikuoni.

Basi Jumatano nikafika. Bi Tatu alikuwa anamfunga punda wa mbao mguu kwa waya. Akaniona kabla sijaingia.

"Shemeji! Mpagazi wangu yuko wapi? Au leo kakutwika wewe?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye pantoni. Likatoka moja. "Tumemzika."

Akacheka, akidhani na mimi nimejifunza utani. Halafu akanitazama vizuri.

"Lini?"

"Huu mwezi wa tatu sasa."

Akaliweka koleo chini. "Na mie nilikuwa wapi?"

Ningeweza kumwambia namba yake haikupatikana. Uongo huo nilikuwa nao tayari mdomoni. Nikamwambia kweli: jina lake lilisomwa, na mimi ndiye niliyesema arukwe.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. "Shemeji, mtani wangu umemzika kama mtu asiye na watu. Nani alimsema?"

"Hakuna."

"Mkampa sifa tupu aondoke nazo."

"Ndiyo."

Akanipa mgongo, akaanza kufuta vumbi kinyago kimoja kimoja. Nikamwomba msamaha. Nikaomba tena. Akamfuta tembo, akamfuta kiboko, akarudia tembo.

Wakaingia wageni wawili, mke na mume, Wazungu. Yule mke akamshika simba mwenye makengeza, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Huyu jina lake nani?"

Bi Tatu akageuka taratibu. "Huyo? Huyo Mama Kulwa."

Hapo akaanza. Akafunga kanga kiunoni, akatembea mwendo wako, ule wa kutanguliza bega kana kwamba kila mlango ni mwembamba. Akaja mpaka mbele yangu, kidole puani. "Baba Kulwa! Nilikuuliza swali au nilikuimbia?" Sauti yako, mke wangu, hadi ule mkwaruzo. Kisha akatazama juu, kwenye mabati. "Mnyamwezi mjanja wewe! Umekimbia kabla sijakulipizia! Mbishi, unabishana hata na redio! Chumvi unatia kama unakausha samaki wa ng'onda! Usiku unakoroma kama mashine ya kusaga, mumeo kaniambia!" Sikuwahi kumwambia, ingawa ni kweli.

Wageni wakapiga makofi. Nadhani waliona ni mambo ya duka. Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo, na kucheka kukanigeukia kukawa kilio. Bi Tatu naye machozi yanamtiririka, lakini hakuacha kukutukana. Nilikusikia, Mama Kulwa. Kwa dakika chache ulikuwepo, na ulikuwa umenikasirikia.

Msamaha hajanipa. "Msamaha una masharti," alisema akijipangusa kwa kanga. "Jumamosi nakuja Chang'ombe na watani wenzangu. Uwaite wote waliomsifu. Nitamsema mbele yao, kisha ndiyo tutaongea habari ya kusamehe."

Jana nikaenda kwa mzee wetu wa kanisa. Akavua miwani. "Baba Kulwa, mambo hayo ni ya zamani. Watu wataonaje?"

"Wataona alivyokuwa," nikamjibu.

Akasema atatafakari. Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mimi nakuja! Mama Kulwa aliniambia sauti yangu inafukuza kunguru, na hilo hakuna aliyelisema msibani!"

Leo Ijumaa nimeazima viti kwa majirani, nimevipanga uani, nimevipangua, nimevipanga tena. Kulwa amekubali. Doto bado ana hasira. Anasema mama yake hatachekwa. Sijui kama atatokea. Naogopa watu watainuka katikati waondoke. Naogopa zaidi kwamba nikishayasikia yote, yatakuwa yamekwisha, na nitalazimika kukaa humu ndani nisiwe tena na sababu ya kukutafuta.

Lakini sitamwambia Bi Tatu asije. Siku ile nilikuonea aibu, nikaiita heshima. Nisamehe kwa hilo, ikiwa huko mnasamehe kwa masharti nafuu kuliko ya Mzaramo.

Pumzika leo, mke wangu. Kesho saa nne asubuhi utasemwa vibaya mbele za watu, na mimi nitakuwa mstari wa mbele.

Mumeo,
Baba Kulwa