Matufaha Chini ya Makochi

Jumamosi, 10 Oktoba 1998
Itangazwe Ansab nzima, mtaa wetu hapa Maskati: kuanzia leo, chini ya makochi ya majlis, sebule yetu ya wageni, ni milki ya matufaha ya Kiingereza. Atakayefagia huko apige hodi kwanza.

Dada yangu Sayyida kayachuma mtini kwake Uingereza, kaja nayo kwenye ndege. Ngozi ya kahawia, inakwaruza. Fajr, mke wa mwanangu, kachungulia: "Mama, viazi hivi vya nini?" Viazi! Sayyida kasema yakiliwa sasa ni machachu. Yangoje wiki tatu, kila moja ndani ya gazeti lake, yasigusane, penye baridi. Na baridi ya kutwa kucha nyumba hii iko wapi? Majlis tu — AC haizimwi, ati mgeni asije akatoka jasho.

Jumatano, 21 Oktoba
Mamake Fajr, Bi Kheiria, kaja kututembelea. Kainama, kaona. "Mastura, madukani matufaha yanang'aa kama magari mapya, wewe unafuga haya!" Fajr kacheka. Nnamjua — anaitaka majlis, apange yeye mgeni ale nini. Haya! Nikaapa: Ijumaa ya mwisho wa mwezi mtakula yangu, kabla ya kahawa. Yakitemwa, majlis ya Fajr, na mabirika yake ya kahawa.

"Shahidi mimi," kasema mwanangu Badr. Na yeye!

Jumatatu, 26 Oktoba
Nimefunua moja. Ngozi imenywea kidogo — ndivyo inavyotakiwa. Sitikisiki. Jioni nimefukiza udi majlis kwa chetezo, kama kila siku. Moshi mpaka chini ya makochi. Watakuja waone.

Ijumaa, 30 Oktoba
Nimeyamenya mbele yao, nikakata vipande. Harufu ikapanda — udi! Ule ule niliofukiza kwa mkono wangu. Matufaha yameunywa wote. Badr kaonja, kameza kama dawa. "Mama, natafuna chetezo." Fajr keshaanza kuyatazama mabirika.

Sikutikisika. Nikasema ndivyo nilivyokusudia, Waingereza watajulia wapi udi? Nikamsogezea Bi Kheiria sahani. Katafuna polepole. Kachukua cha pili. Cha tatu! "Laini, wallahi. Mastura, umenishinda."

Nikamtazama Fajr. Nilimtazama vizuri sana.

Fajr kainuka. Kamnyooshea mamake boksi la tishu. Bi Kheiria ana mafua tangu Jumanne, hasikii harufu ya kitu.