Mchimba Bati Aliyepita Kyerwa

Richfield, Minnesota
12 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na goti lile linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Jana basi la kwenda kazini nililingojea mpaka vidole vikafa ganzi.

Baba, usinikasirikie. Nimempata. Mwaka jana nilitema mate kwenye kichupa cha kupima asili, majibu yakaniletea binamu huko Uingereza nisiyemjua. Tangu hapo kila siku ya mapumziko niko maktaba nafukua kumbukumbu. Babu aliitwa Albert Trewin. Wala hakuwa bwana mkubwa! Kwenye sensa ya 1921, huko Cornwall, ana miaka sita, wamelala watoto saba katika vyumba viwili, na baba yake ameandikwa "mchimba bati, hana kazi". Nikamkuta tena kwenye orodha ya abiria wa meli ya 1946, anakuja Tanganyika, kazi yake mchimbaji. Anakokwenda pameandikwa hapo hapo Kyerwa, kwenye machimbo ambako Bibi alikuwa mpishi. Wewe ukazaliwa 1948.

Maisha yangu yote watu wananiuliza rangi hii nimeitoa wapi, nami nanyamaza. Nimechoka. Bibi aliwahi kukutajia jina hilo?

Binti yako,
Noela

Kyerwa
20 Januari 2025

Mwanangu Noela,

Marahaba. Goti linauma lakini natembea. Barua yako kanisomea kwenye simu Imaculata, mtoto wa dada yangu, na hii naiandika kwa mkono ili aipige picha akutumie, maana mimi na simu hizo hatujaelewana. Heri yeye ana kifua cha kutunza siri.

Sasa nisikilize. Acha. Nilipozaliwa, Mzee Bishanga, mume wa bibi yako, aliiona rangi yangu kama walivyoiona wote. Akaniweka mapajani mbele ya ukoo, akanipa jina la baba yake mwenyewe. Kwetu maneno yakaishia hapo. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kusema ndilo kosa. Nimeishi miaka sabini na sita kwenye kibanja chake cha migomba, na nikifa nitazikwa ubavuni mwake. Sina ninachotaka zaidi ya hicho. Huyo mtu wa meli simjui.

Baba yako,
Gregory

Richfield
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nilijizuia mwezi mzima. Kisha yule binamu akanitumia picha ya Albert akiwa na miaka thelathini. Ni wewe, Baba! Macho, paji la uso, hata hilo sikio lililochomoza. Siku yako ya kuzaliwa nikaituma kwenye kundi la ukoo la simu pamoja na karatasi za sensa na za meli, kwa sababu ndiko tunakopongezana. Nilidhani wakiona uso huo watafurahi.

Watu arobaini wakaiona. Baadaye Baba Mdogo Martin akaandika: "Asante kwa ushahidi." Nikafuta haraka, lakini alikuwa ameshaihifadhi. Nisamehe. Ushahidi wa nini, Baba?

Noela wako

Kyerwa
14 Machi 2025

Noela,

Wa nini? Martin ni mtoto wa kuzaa wa Mzee Bishanga, na kibanja hiki kinamwasha mkono tangu Mzee afe. Alikosa tu pa kuanzia. Amechapisha karatasi zako mjini na kumpelekea Ta Rodney, mkubwa wa ukoo. Anadai mimi si damu yao, nitoke, wala nisizikwe hapa. Kikao ni Jumamosi ya tarehe 29.

Nilikukataza, mwanangu. Nilikukataza! Usitume kitu kingine.

Baba yako

Richfield
20 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sili, silali. Pascasie, Mkongo ninayefanya naye kazi hospitalini, aliponisikia alinisonya: "Umemvua baba yako nguo sokoni." Kweli tupu.

Waambie mimi ni mwongo. Sema nimetunga yote, sema kipimo kilikosewa, sema baridi imenichanganya akili. Mimi niko mbali, hawatanifanya kitu. Niite mwongo ubaki na nyumba yako. Nakuomba kwa magoti.

Binti yako

Richfield
2 Aprili 2025

Baba,

Kikao kimepita siku nne. Napiga, Imaculata hapokei. Hata neno moja tu. U mzima?

Noela

Kyerwa
27 Aprili 2025

Mwanangu Noela,

Mimi mzima, na natumaini nawe unakula sasa. Nilimkataza Imaculata asipokee, kwa kuwa nilikuwa na hasira na sikutaka uisikie. Imepungua.

Kikao kilikuwa kifupi. Ta Rodney aliniambia taratibu: "Gregory, sema binti yako ni mwongo, tuzichome karatasi hizi, twende tukanywe." Hata Martin aliinamisha kichwa kukubali. Walinifungulia mlango, Noela, ikabaki mimi kupita tu. Na ile barua yako ya kuniomba nikuite mwongo, Imaculata alivyoninakilia, nilikuwa nayo mfukoni.

Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na saba, sikuwahi kumwadhibu mtoto kwa kusema kweli. Nikasimama nikasema: "Binti yangu hasemi uongo. Na Mzee Bishanga ni baba yangu." Wakasema nichague moja. Nikakataa kuchagua.

Basi wameamua. Kibanja nitakitumia mpaka nife, kisha kinakuwa cha Martin. Kuzikwa, hapana. Ile sehemu ubavuni mwa Mzee, Martin ameshapanda maharage.

Usilie. Kama ningekuita mwongo mbele ya watu wale ningelala pale pazuri bila mtoto.

Nina swali moja tu. Huyo Albert alizikwa wapi? Waulize ndugu zake, kwa adabu, kama huko kwao bado kuna nafasi.

Baba yako,
Gregory