Nilimwambia Babu Kwamba Ni Mlinzi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si rafiki, hata daftari langu la siri halijui: nimemsingizia mtu. Simjui, hajawahi kuniona, anaishi nchi nyingine kabisa, na nimemsingizia mbele ya mtu ninayempenda kuliko wote, na sasa uongo wenyewe umeota miguu unatembea mtaani kwetu na mimi sina namna ya kuurudisha ndani. Tafadhali usinicheke. Au nicheke kidogo tu.

Nina miaka kumi na sita. Shuleni wananiita Picha, kwa sababu nipo ukutani na sisemi. Nyumbani Babu, yaani baba yake mama, ananiita Redio. Ni mtu yuleyule, Mshauri, hata mimi sielewi inakuwaje. Babu ni fundi wa makochi na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, ina meza ya kukatia vitambaa, marobota ya sponji yaliyosimama kama wageni wasiopewa kiti, na siku zote kuna kochi moja limelala chali limevuliwa nguo. Nikitoka shule nakaa juu ya robota na kumsimulia podikasti. Ninazozipenda mimi nyingi ziko katika lugha tunayosomea shuleni, na lugha hiyo Babu anajua salamu na asante tu, basi naweka waya sikio moja, nasikiliza kipande, nasimamisha, namwambia kwa Kiswahili, naendelea.

Tuna sheria. Babu akipigilia kitambaa hujaza misumari midogo mdomoni, anaisogeza mmojammoja kwa ulimi, anaupokea kwa nyundo yake yenye sumaku, tak, tak, tak. Mwaka jana nilimsimulia kichekesho katikati ya kazi hiyo akameza mmoja. Mama, ambaye ni muuguzi, alimpeleka kupigwa picha na msumari ukaonekana umetulia tumboni kama mteja anayesubiri zamu yake. Ulitoka salama, lakini tangu siku hiyo imeamuliwa: saa ya misumari ni podikasti za uchunguzi, saa ya sponji ni vichekesho.

Kwenye vichekesho tunapenda kipindi cha ndugu wawili wanaogombana kwa mambo madogomadogo, jina lake kwa Kiswahili ningesema Meza Mbovu. Mimi nacheka mpaka nashikwa na kwikwi, lakini nikimtafsiria Babu kinafika kimepoa, anasema tu, "Mhm, kisha?" Hiyo "kisha" iliniua. Basi nikaanza kuongeza chumvi, nikamfanya kaka mkubwa asimulie kuhusu mteja anayejaribu kochi kwa kulala mpaka jioni, na mdogo wake asimulie kuhusu kinyozi anayejinyoa mwenyewe wateja wakikosekana ili asisahau kazi, na siku hizi Meza Mbovu siiwashi kabisa, waya upo sikioni na simu imezimwa. Babu anacheka anajifuta machozi kwa kipande cha mahameli. "Vijana hawa wana akili!" anasema. "Waandikie, waambie kuna fundi anawasalimu." Nikasema nimewaandikia. Nikasema wamejibu. Mshauri, waliulizia mpaka goti lake.

Hilo najua ni kosa, lakini siyo lililonileta kwako.

Kwenye uchunguzi tulikuwa na Mlango wa Nyuma, sehemu nane. Mtangazaji ni mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, mtu akikwepa swali lake hasemi kitu, anasubiri tu, na ule ukimya unamfanya mtu azungumze. Ni habari ya kiwanda cha magodoro kilichoungua, na wafanyakazi wawili hawakutoka kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Funguo walikuwa nazo watu watatu: mlinzi, msimamizi na mke wa mwenye kiwanda. Mji mzima ulimlaumu mlinzi. Babu anaijua sponji inavyowaka, kwa hiyo alisikiliza kama habari ya ndugu zake. Sehemu ya sita alizungumza binti wa mlinzi, akasema baba yake alipoacha kutoka nje ilibidi yeye ndiye aende sokoni, na watu sokoni wanamwangalia mikono kama yeye ndiye mwenye ufunguo. Siku hiyo Babu alitoa misumari mdomoni, kitu asichofanya kamwe kazi haijaisha, akasema, "Huyu mtoto tumuombee."

Ikaja sehemu ya nane. Babu alikuwa amefika pembe ya mwisho ya kochi, misumari mdomoni, nyundo juu, ananitazama. Na yule mama mtangazaji akasema nini? Akasema hajui. Miaka miwili ametafuta, hajui nani alifunga, na hatamtaja mtu bila kujua, kwaheri. Nilihisi kama nimeondolewa kiti nikiwa nakaa. Nikamtazama Babu, wiki nane amesubiri, na Babu ni mtu anayesema kazi isiyo na mwisho ni kochi la miguu mitatu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema, "Ni mlinzi. Amekiri."

Babu akatema misumari yote kiganjani. "Mlinzi? Yule mwenye binti?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi mtoto wa watu kamtetea bure," akasema, akaiweka nyundo chini.

Ningesema palepale. Sikusema. Kesho yake Babu akamsimulia kinyozi wa mlango wa pili, yule wa vichekesho vyangu, nami nilikuwa nimesimama pale nimempelekea chai. Kinyozi akasema, "Walinzi! Mpe mtu ufunguo ndipo utamjua." Na kwenye kiti, akinyolewa, alikuwa amekaa mlinzi wa ghala la jirani. Alijiangalia tu kwenye kioo. Mimi nikaondoka na birika bila kumimina.

Sasa kuna mwalimu mstaafu, mama mmoja mcheshi, ameleta kochi lake jekundu kushonewa kitambaa kipya, na hiyo lugha ya shule anaijua kuliko walimu wangu. Babu kamsifia Mlango wa Nyuma mpaka ameanza kuusikiliza, amefika sehemu ya tano. "Usinimalizie, fundi!" anamwambia, na Babu anafunga mdomo kama umejaa misumari. Kochi litakuwa tayari mwisho wa mwezi, na Babu ameshapanga siku hiyo tukae watatu, mimi, yeye na Mwalimu, tujadili. Amenunua hata biskuti. Anaringa, Mshauri. Anamwambia, "Mtafsiri wangu utamwona."

Nimefikiria kumwomba Mwalimu anifichie, nimefikiria kusema kuna toleo jingine, nimefikiria kuugua siku hiyo. Mimi siogopi kugombezwa. Naogopa kwamba redio ikidanganya mara moja, nani ataiwasha tena? Babu akiacha kunisikiliza nitabaki Picha, shuleni na nyumbani.

Nasikia kandambili zake kwenye korido, ile ya kushoto huwa anaikokota. Siku tatu karatasi hii naificha chini ya robota la sponji kila nikimsikia. Leo nimechoka. Naiacha hapahapa juu ya meza ya kukatia. Ameshika kitasa cha mla

Redio


MSHAURI ANAJIBU

Redio, mwanangu,

Nimekucheka kidogo, kama ulivyoniruhusu. Nilicheka hapo kwenye goti. Baada ya hapo sikucheka tena.

Kabla ya kukujibu nilifanya jambo ambalo watoa ushauri wengi hatulifanyi: nilikwenda kuusikiliza huo Mlango wa Nyuma wenyewe, sehemu zote nane, nikaunguza sufuria mbili. Una sikio zuri. Kipindi ni kizuri, na uzuri wake uko palepale ulipokukera. Yule mama alikuwa na kipaza sauti, ana watu wanaomwamini, angeweza kutaja jina lolote kati ya matatu na sote tungelala usingizi. Akasema hajui. Unafikiri ilikuwa rahisi? Sehemu saba alizitumia kumvua yule mlinzi neno ambalo mji ulimvisha bila ushahidi, na wewe ukamvisha tena kwa maneno matatu, kwa sababu babu yako alikuwa ameinua nyundo. Hapo ndipo ulipokosea, usitafute pengine.

Ndiyo maana nakataa kuyaweka makosa yako mawili kwenye kapu moja. Kichekesho ukikiongeza chumvi, anayeumia ni nani? Labda kinyozi, na huyo mdomo wake unastahili. Uchunguzi una watu ndani yake. Yule binti yupo kweli, na kesho anakwenda sokoni. Umesema mlinzi wa ghala alijiangalia kwenye kioo. Uliliona hilo, ukaondoka na birika. Mtu anayeona namna hiyo hana ruhusa ya kuondoka na birika.

Nimemaliza kukugombeza. Siongezi hata neno, kwa sababu nimeombwa nisizidishe. Unashangaa nimeombwa na nani?

Barua yako ilinifikia na maandishi mengine nyuma ya karatasi, ya penseli nene ya fundi. Nadhani uliikunja bila kuigeuza. Nayachapa hapa kama yalivyo:

"Mshauri, mjukuu wangu ametoka kununua bahasha. Karatasi kaiacha wazi nami nimesoma, kosa hilo ni langu. Wale vijana wawili nilishawashtukia zamani. Kijana wa ng'ambo atamjulia wapi kinyozi wetu? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nacheka. Ila la mlinzi sikulijua, na limeniuma. Mgombeze, lakini si sana. Asije akanyamaza."

Umesoma? Soma tena mstari wa mwisho. Wewe unaogopa atazima, kumbe na yeye anaogopa utanyamaza. Watu wawili mnakaa chumba kimoja na marobota ya sponji, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kutosema. Hapana. Lakini usiruke neno "limeniuma". Kwamba ameshajua hakukuondolei kazi ya kumwambia. Anasubiri kulisikia kwako, na kama ni mtu wa aina ninayomdhania, hatakuuliza.

Basi fanya hivi, na usingoje mwisho wa mwezi, ukifika na uongo huu mbele ya Mwalimu utakuwa umemwaibisha babu yako mbele ya mgeni na biskuti zake.

Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, ingia karakana. Mwambie, "Babu, mlinzi hakukiri. Nilisema uongo." Usianze na "unajua", usianze na "ilikuwa hivi". Kisha washa sehemu ya nane, simu iwe imewashwa safari hii, umtafsirie kipande kwa kipande mpaka mwisho, na ufike kwenye neno "sijui" ulitamke kama lilivyo, bila kulipamba. Akikaa kimya, mwache. Umejifunza kwa yule mama mtangazaji kwamba ukimya unafanya kazi, sasa uone unavyofanya kazi kwako.

Baadaye nendeni kwa kinyozi, nyote wawili, lakini useme wewe. Najua wewe ni Picha. Utatetemeka. Tetemeka, lakini useme. Mlinzi wa ghala akiwepo itakuwa vizuri zaidi, na asipokuwepo mfuate getini kwake, umwambie kwamba yule mtu wa kwenye ile habari hakuthibitika kufunga mlango wowote. Hana haja ya kujua yote. Atakuelewa, nakuhakikishia, kwa sababu aliyesikia la kwanza hajalisahau.

Mwalimu mwacheni amalize, mumsubiri. Siku ya kochi kaeni watatu mjadili. Sasa mtakuwa na la kujadili: kwa nini kochi la miguu mitatu huuzwa wakati mwingine, na kwa nini fundi wake ni mwaminifu kuliko anayepachika mguu wa nne wa boksi. Babu yako atabisha. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Vichekesho usiviache, ila toa waya sikioni. Mzee anataka kumsikia mjukuu wake, wale vijana wawili waache wapumzike na salamu zao.

Na jambo moja la mwisho, la kiufundi. Utakapoingia kumwambia, tazama kwanza mdomo wake. Ukiona amejaza misumari, kaa juu ya robota usubiri aiteme yote. Safari hii atataka kukujibu.