Maneno Uliyonifikishia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na dawa hukosi. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na jirani anayepiga chafya kama anafukuza mbuzi. Naam, namsikia.

Unakumbuka siku tulipofuata vifaa vya masikio? Fundi alivipachika, akawasha, na kitu cha kwanza kuniingia kilikuwa sauti yako, miaka kumi na minne baada ya homa ile kuninyang'anya. Nilitaka kulia. Fundi akakueleza, akikutazama wewe kama watu wote wafanyavyo, kwamba nikifanya mazoezi wiki chache nitaweza kufanya kazi popote. Ukanigeukia, ukatamka polepole nisome midomo yako, kwamba eti nisitarajie makubwa, nikae karibu nawe.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kila kitu kilikuwa kelele: ndala zako, bomba, hata kutafuna kwangu mwenyewe. Nikakuambia vifaa vinapiga filimbi tu, sisikii neno.

Kisha akaja nyumbani mhariri niliyemwomba kazi, yule Mzee Masharubu ambaye midomo yake haisomeki. Alikwambia hajaona msahihishaji makini kama mimi, nianze Jumatatu. Ukanigeukia kwa uso wa huruma, ukasema nafasi imejaa. Ukanishika mkono. Nikatikisa kichwa, nikamwongezea mgeni chai.

Sasa nikiri, mama. Havikuwahi kupiga filimbi. Wiki tano nzima nilikusikiliza ukinifasiria dunia, nikiomba uniambie kweli hata mara moja. Jumapili ile nilipokuaga naenda kwa shangazi, nilikuja huku. Jumatatu saa mbili nilikuwa mezani kwangu, na karatasi za kusahihisha mbele yangu.

Tangu hapo nawaza wengine. Seremala aliyekuja mara tatu, ukaniambia amekuja kuaga, alisema nini hasa? Na mwalimu mkuu, ile siku nilipoacha kuomba chuo?

Najua unaogopa nyumba tupu. Ungeniambia hivyo tu, ningekaa.

Msalimie shangazi, na uniombee radhi kwake kwa kumsingizia. Simu usipige. Sauti yako bado nzuri kama nilivyoikumbuka, na nikiisikia nitaamini chochote. Niandikie.

Mwanao,
Kimya wako wa zamani