Nkambo Iko Mugonjwa Kidogo

Kamina, siku ya ine, mangaribi

Ile machine ya université, sikuiambia inyamaze. Lakini hapa kwetu nani hajue? Kifo hatusemake ku telefone. Tunasema tu muntu iko mugonjwa, kuya. Mutoto akifika, bakubwa banamuikalisha, njo banamuambia.

Miye niliuliza ile intelligence artificielle, machine yenye kujibu bantu ku telefone, yenye université iliweka juu ya kusaidia bazazi: mutoto yangu Odette anaweza kuacha examen, juu mama yangu, nkambo yake, alikufa asubui? Palepale ikamutumia Odette condoléances, maneno ya pole ya kifo. Alisoma ile message peke yake, kule mbali.

Akanipigia. «Mama, njo kweli?»

Nikamujibu: «Nkambo iko mugonjwa kidogo. Kuya.»

Alafu akaniuliza, na sauti ya chini, kama nkambo anakula, sawa vile banaulizaka juu ya mugonjwa.