Maneno ya Kwenye Dumu

Bugomora, 4 Septemba 2024

Mwanangu Dusabe,

Hujambo, mama? Masomo yanasemaje huko Kayanga? Sisi huku wazima, bibi yako Nikuze anakusalimu, ila goti lake ndilo halina shukrani.

Mwanafunzi wako sijachoka. Siku ya mahafali yako nataka nimwamkie mkuu wa shule kwa Kiingereza, watu washangae: Gaspari huyu wa darasa la nne! Maneno ya kwenye sabuni nimeyashika yote. Sasa nifafanulie haya: container, never, food, reuse, destroy. Nimeyanakili kutoka kwenye dumu, karatasi yake imechanika. Tumepewa madumu mawili mazuri, mimi na jirani Celestin, kule tunakopiga dawa ya kahawa. Tumeyasugua kwa mchanga na majivu, hata harufu hayana.

Simu yangu imeingia maji. Barua mpe konda wa haisi, ataiacha dukani.

Baba yako,
Gaspari

Kayanga, 7 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Bibi hajambo? Niambie kweli, hajambo? Salamu nyingine baadaye.

Container ni chombo. Never ni kamwe. Food ni chakula. Reuse nimelitazama kwenye kamusi nisije nikakutisha bure: ni kutumia tena. Destroy ni kuharibu kabisa. Moja moja hayana neno. Yapange pamoja, baba! Chombo hiki kisitumike tena kamwe kuwekea chakula, kiharibiwe. Ile ni sumu, mchanga na majivu haviitoi. Mmeweka nini humo? Nani amekunywa? Mwambie na Celestin, leo hii hii.

Mwanao,
Dusabe

Kayanga, 10 Septemba 2024

Shikamoo baba.

Konda anaapa kwamba barua aliiacha dukani Jumamosi. Mbona kimya? Matroni kaniazima simu, nikampigia Evangelina, mke wa Celestin. Akapokea mtu nisiyemjua, akasema wako zahanati, ikakatika. Nani yuko zahanati? Ni bibi? Leo kwenye mtihani wa majaribio nimeandika jina langu tu. Naogopa, baba. Niandikie hata neno moja.

Dusabe wako

Bugomora, 12 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo, nami sijambo. Vuta pumzi kwanza.

Barua ya kwanza niliipata Jumatatu. Nikaisoma palepale, nikakimbia kwa Celestin na panga mkononi, nikalitoboe dumu lake. "Kiingereza cha Gaspari hicho!" akacheka. Lakini Evangelina alikuwa ndani anatapika tangu alfajiri, na dumu lao ndilo la maji ya kunywa. Celestin akamwangalia mkewe, kicheko kikamwisha. Tulimpeleka zahanati na barua yako mfukoni. Mganga akaisoma, akasema imemwonyesha pa kuanzia. Leo Evangelina amekunywa uji.

Dumu letu hatukuwa tumeweka kitu. Nililificha darini, nije nalo mahafali limejaa omuramba, ile juisi ya ndizi unayoipenda, uwagawie wenzako wote. Nilitaka iwe siri. Nimelitoboa toboa kwa panga, lakini tangu siku ile nikifumba macho nawaona mmepanga mstari, mmeshika vikombe, na wewe ndiye unayemimina.

Mahafali nitakuja na kibuyu cha bibi.

Mwanafunzi wako,
Baba